Gia ya Mtu Mmoja

Jumapili. Mvua ya rasharasha tokea asubuhi, ile ya kuudhi tu, hainyeshi ikaisha wala haiachi. Nguo nilizofua jana zimerudi kunuka.

Nimekaa chini, chumbani. Kitu chenyewe kiko juu ya kitanda, juu ya gazeti la Kiarabu walilokifungia. Nnakitazama kinanitazama. Chuma tu, kinazidi kiganja changu kidogo, lakini leo kimenizungusha kisiwa kizima na bado sijamalizana nacho.

Kwa anayepita hapa na hajui magari, nakuelezea haraka. Ile fimbo ya kubadilishia gia, ile inayosimama kati ya dereva na abiria, kwenye gari nyingi inakuwa ndefu. Kutoka gia moja kwenda nyengine mkono unasafiri. Sasa kuna watu wakatengeneza fupi. Unatoa ya gari, unafunga hii, mkono unajongea kidogo tu, tak! gia ishaingia. Sisi tunaiita shoti shifta. Na hii yangu tena imepindishwa kumwelekea dereva, inakuja kukaa hapa, karibu na goti. Tamu hiyo! Tokea niko skuli naitaka. Nishaiota. Nishaichora nyuma ya daftari la hesabu.

Na sasa nnayo, na sijui niifunge au nisiifunge.

Nimesoma kila kitu watu walichoandika mtandaoni. Mmoja anasema ukiifunga gari inakuwa changa. Mwengine anasema gia zinakuwa ngumu, na kelele za chini zinapanda juu mpaka mkononi. Mwengine anasema gia boksi ikiwa imechoka usithubutu, na yangu namba mbili inasaga ikiwa baridi, kwa hiyo hapo pia pana neno. Wanabishana mpaka wanatukanana. Lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza ninachotaka kujua mimi.

Abiria atashika wapi?

Ngoja, nianze na gari.

Ina milango miwili, imekaa chini kama mtu anayechungulia uvunguni, taa zake za mbele zinafumba na kufumbua. Zamani ilikuwa nyekundu, sasa hivi chumvi inakula inapotaka. Tuliikuta uani kwa mzee mmoja Mbweni, imelala miaka, paka kazaa kwenye kiti cha nyuma. Nikisema tuliikuta, ni mimi na Makame.

Makame ni rafiki yangu. Kwao Jambiani, akaja mjini kwa baba yake mdogo kusoma, tukakaa dawati moja. Mambo ya magari hakuna aliyetufundisha. Tulikuwa na simu moja, ya kwake, tunatazama video za Wajapani na Warusi, hatusikii hata neno, tunafuata mikono yao tu. Wakifungua na sisi tunafungua. Wakikasirika na sisi tunajua hapo pana kazi. Mafundi wa kweli walikuwa wanakuja kusimama kutucheka, mpaka siku ilipowaka.

Watu wanatuuliza, kisiwa chenyewe hiki, mnakimbilia wapi na gari ya mashindano? Ukikanyaga sawasawa ushafika baharini. Ni kweli. Tena mimi nakaa Malindi, vichochoroni ndani huko, ambako baiskeli mbili hazipishani bila ya wenyewe kuamkiana. Gari inalala nje barabarani, upande wa bandarini, mimi nalala ndani. Mvua ikinyesha naona kama nimeacha mtoto nje.

Basi. Siku ilipowaka mara ya kwanza, usukani ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, pampu yake imekufa. Kukata kona lazima mikono yote miwili, na ulimi utoke. Sasa gia nani atatia? Makame akasema, wewe kata, mimi ntatia. Mimi nikikanyaga klachi, yeye pale kiti cha abiria, mkono wake wa kulia, anatia.

Pampu tukaja kuitengeneza. Usukani ukawa laini, kidole kimoja unageuka.

Hatukuacha.

Sijui niseme vipi mtu anielewe. Tulikuwa hatusemezani. Yeye anaisikia injini, mimi nashusha mguu, gia ishaingia. Tunazungumza mpira, tunagombana nani kamaliza chipsi, mara nyengine tumenuniana hata salamu hakuna, na gia zinaingia tu. Vijana wa barazani wanatupigia kelele, "Gari moja madereva wawili! Hamwaminiani?" Na Makame anatoa kichwa dirishani: "Yeye miguu, mimi akili!"

Halafu akenda Muscat. Ghala la matairi. Alisema anakwenda mara moja.

Na hapa nakuja kwenye aibu yangu, ambayo sijamwambia mtu. Mguu wangu mpaka leo haujajua kama Makame kaondoka. Nakanyaga klachi, halafu nasubiri. Mikono yote miwili iko kwenye usukani, imetulia, inangojea mwenzao afanye kazi yake. Injini inalia, gari inapoteza mwendo, ndo nashtuka. Juzi imenitokea kwenye njia panda ya Mbweni, gari zote za nyuma zinanipigia honi, na jamaa mmoja wa vespa akanifuata mpaka dirishani, akainama na helmeti yake.

"Yakhe, unamngoja nani?"

Akaondoka zake anacheka. Wallahi alinikera, kwa sababu jawabu nilikuwa nalo.

Kwa hiyo nikajiambia, mchawi ni hii fimbo ndefu. Imekaa katikati, haina mwenyewe, nusu yake kwangu nusu yake kwake. Nikifunga fupi, pale kwenye goti langu, mguu utajua. Mkono utajua. Kila kitu kitajua kwamba gari hii ina mtu mmoja, na mimi ntaendesha kama watu.

Nilimwandikia Makame hivyo? Aka. Nilimwandikia tu kwamba bado naitaka shoti shifta, kwa mzaha, kama tulivyozoea. Hakujibu. Makame siku hizi anajibu akijibu. Unamtumia salamu ya Idi, inakuja kurudi watu washasahau nguo mpya.

Ijumaa baada ya sala, mtu wao mmoja karudi kutoka Muscat, kaniletea begi. Ndani mna vitu vya mama yake Makame, na pembeni mna kidude kimefungwa gazeti. Kukifungua tu nikakijua. Nikapiga ukelele, jirani akagonga ukuta. Nikacheza, nimo mwenyewe chumbani, nacheza na chuma!

Halafu nikafungua simu, kumbe kaniachia sauti.

"Mudi, kuna kidude chako humo, usipige makelele ukaamsha mtaa. Si ulikuwa unakitaka tokea skuli? Haya, funga, gari yako itakaa sawa. Na vya mama mpelekee, na usimlie tende zake, nnakujua."

Nikacheka. Nikaisikiliza tena. Mara ya pili ndo nikalisikia.

Gari yako.

Tokea siku ile ya paka, hapana hata siku moja mmoja wetu aliyesema gari yangu au gari yako. Hata siku tuliyogombana mpaka tukataka kupigana, tuligombania gari yetu. Na sasa anaitoa mdomoni kirahisi hivyo, kama mtu anayerudisha ufunguo. Kanitumia zawadi niliyoitaka maisha yangu yote, na zawadi yenyewe inamtoa yeye kwenye kiti. Anajua? Hajui? Kama anajua, mbona sauti yake inacheka?

Nikamwandikia ahsante. Nikaongeza, "Na wewe ukirudi utashika wapi?"

Ishasomwa. Kimya.

Jana nzima nimekaa nayo. Leo asubuhi nikasema basi, hakuna cha kungojea, nafunga. Nikachukua bisibisi zangu nikaenda bandarini, nikajifungia ndani ya gari, mvua inapiga juu, vioo vinatoa jasho. Nikatoa kava ya katikati. Nikavua ile ngozi inayoivisha gia chini, ikabaki fimbo tupu, na tundu chini yake unaiona lami iliyorowa. Nikashika kirungu cha juu nikizungushe kitoke.

Kimelika upande wa kushoto. Upande wangu bado kina vijistari vyake, upande wa abiria kiko laini kama kokoto. Nimekishika kila siku na sijawahi kukiona.

Sikukizungusha. Nikakaa tu na mkono juu yake.

Simu ikalia. Bi Kazija, mama yake Makame.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mzigo wangu umeufungulia duka?"

"Hapana mama, nilikuwa nna..."

"Tende mmebakisha?"

"Sijazigusa wallahi!"

"Basi nnakungoja."

Nikarejesha kava juujuu bila ya skurubu, ngozi nikaitupa nyuma, begi mbele, huyoo Jambiani. Tundu lile linapiga upepo na maji miguuni, kelele zote za barabara zinaingia ndani. Na njia nzima begi limekaa kiti cha Makame, halitii gia. Nimesubiri mara moja Tunguu. Na nyengine sijui wapi, sitaki hata kusema.

Bi Kazija nilimkuta uani anafukuzana na mvua, anaanua mwani wake kwenye mkeka. Nikamsaidia, tukautia ndani, tukakaa ukumbini, pamejaa harufu ya pwani. Akafungua begi lake taratibu. Tende. Dawa ya kuchulia magoti. Mtandio wa kijani. Ule mtandio akauleta puani, akauvuta, akauvuta tena.

"Unanukia duka tu," akasema. Akaukunja.

Nikala tende. Akaniona, akanisogezea nyengine.

Nilipoaga akasema na yeye anatoka, nimfikishe Paje kwa dada yake, si njia moja? Nikamwambia njia moja. Akajitanda ule ule mtandio mpya, akaja.

Bi Kazija gari hii alishapanda zamani, tulipokuwa tukimleta mjini hospitali. Kila siku tulimpa kiti cha mbele, kila siku alikataa. Anajikunja huko nyuma kwenye kiti cha paka, magoti kidevuni, anasema, "Nyie mna kazi yenu huko mbele, niacheni." Leo nilimfungulia mlango, akasimama kidogo na mvua, akatazama kiti. Halafu akakaa. Mbele.

Nikatia moja, tukaondoka. Nikakanyaga klachi kwenda mbili.

Na nikasubiri. Ya rabi, nikasubiri, mbele ya mama wa watu! Najiona kabisa, mikono kwenye usukani, gari inazubaa katikati ya njia. Nataka kuushusha mkono haraka nijifanye nilikuwa natazama kuku.

Mkono ushatangulia. Wa kwake.

"Mbili si huku?"

Krrrrrr!

"Mama, mama! Siyo huko! Vuta nyuma, kwako, nyuma!"

Kaishika kwa mikono yote miwili kama anavuta kamba ya ndoo. Ikaingia. Gari ikaruka, na yeye akaruka, akajigonga mlango, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Sijawahi kumsikia Bi Kazija akicheka vile.

"Miaka yote nikikaa huko nyuma nikimtazama," akasema, "nasema hiki kitu hakina ugumu wowote. Kumbe kina meno!"

Namba tatu hakuuliza. Alichelewa, injini imeshaanza kulalamika, lakini niliposhusha mguu akaitia. Nne akaitia sawasawa, tak. Halafu hakuondoa mkono. Mkono wake umepasuka vidole vyote kwa maji ya chumvi, na kiganja kimekaa pale pale, upande wa kushoto, palipolika.

Tukaenda hivyo. Hatusemezani.

Halafu akasema, anatazama mbele, "Akinipigia ananiambia nshakula, nshalala, kazi nzuri. Basi. Simu inakatika. Nakuwa sijajua kitu."

"Hata mimi haniambii kitu."

"Aa. Mi nikidhani wewe anakwambia."

"Na mimi nikidhani wewe."

Akatikisa kichwa. Barabara imejaa maji, watalii wawili wanasukuma baiskeli zao. Nikapunguza mwendo, akarudisha tatu bila ya kuambiwa. Hapo ndo akaitazama ile fimbo, tupu, na tundu chini yake.

"Mbona mmeivua nguo?"

Nikamweleza. Kwamba Makame kanitumia mpya, fupi, inakaa kwa dereva. Kwamba asubuhi nilikuwa nataka kuifunga. Nikaanza kueleza tena raha zake, inavyoingia haraka, mdomo unanikimbia kama kawaida yangu. Akaniacha nikamaliza.

"Hiyo mpya mimi ntaifikia?"

"Hapana mama. Hiyo ya dereva tu."

"Aaa."

Akageuka dirishani mpaka Paje.

Pale kwa dada yake akateremka, akajitengeneza mtandio, akaufunga mlango kwa taratibu, Makame kamfundisha asiubamize. Halafu akainama dirishani, pale pale alipoinama yule jamaa wa vespa.

"Alhamisi nna hospitali mjini, napima presha. Utanifuata? Au utakuwa ushaifunga?"

"Ntakufuata mama."

"Nilikuuliza mambo mawili," akasema, na akaingia ndani.

Nimerudi mjini mwenyewe. Gia zote nimetia mwenyewe, sikusubiri hata mara moja, na hilo badala ya kunifurahisha limenitia huzuni ya ajabu, mpaka nikaegesha pembeni nikakaa. Kumbe mguu ukijua, unajua. Haukutaka shoti shifta wala nini. Kumbe nilikuwa nakiogopa hicho hicho nilichokuwa nakitaka.

Ngoja niwe mkweli, hapa hakuna anayenijua. Makame harudi. Pengine atakuja Idi, atakaa wiki, atazungumza habari za huko, atashika gia kunifurahisha tu, na mimi ntajua. Labda ndo maana kaniletea hiki kidude. Hakunifukuza. Kaniona kutoka kule kule aliko, mikono kwenye usukani nasubiri, na kaona haya kusema. Labda. Au kaona dukani kinauzwa akakumbuka tulivyokichora, basi, na mimi peke yangu ndo ninayepekua maneno mawili kama sijui nini.

Nilipofika bandarini mvua imeshakuwa manyunyu. Nimekaa ndani ya gari nikaivisha ile fimbo ngozi yake, nikafunga kava, safari hii na skurubu zote, mpaka ile inayosumbua ya nyuma ambayo siku zote tunairuka. Nimekifuta kirungu. Nimerudi ndani.

Kwa hiyo kiko hapa kitandani. Sisemi sitakifunga kabisa, mimi najijua, nikisikia mtu kafunga ya kwake ntashindwa kulala. Nasema wiki hii hapana. Nnakirudisha kwenye gazeti lake, kinakwenda uvunguni. Namba mbili ntaitazama kabla ya Alhamisi, maana yule mama ana mkono mzito.

Kabla ya kuanza kuandika haya nilimtumia Makame ujumbe. "Sijaifunga. Kiti chako kishapata mtu."

Sasa hivi, nnaandika, simu imetetema. Yeye. Makame, ambaye salamu ya Idi inamchukua mpaka watu wasahau!

"NANI???"

Halafu naona anaandika. Kaacha. Anaandika tena. Kaacha.

Wanaadhini Maghrib. Nnaifunika simu, nakwenda kutawadha. Ntamwambia, inshaallah, kesho ntamwambia.

Leo na yeye angoje.